Fito Kumi na Nne

Katika maisha yangu ya kazi sijapata mkubwa aliyesikiliza kama meneja yule, na sijapata mkubwa aliyenidhuru kama yeye. Nayaweka haya mawili mwanzoni kwa sababu watu wakinisikia nikimtaja hudhani nitasimulia habari za mzungu mwenye kiboko na matusi. Wa namna hiyo tulikuwa naye kabla, na tulimzoea. Huyu alikuwa mpole. Alivua kofia akizungumza na wanawake. Aliuliza swali, kisha akanyamaza mpaka umalize kujibu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika shamba la mkonge upande wa barabara ya Pangani. Baba alifika pale kutoka bara akiwa manamba, kibarua wa mkataba. Akaoa, mkataba ukaisha, hakurudi kwao. Alikufa nikiwa darasa la tatu. Mama alimfuata mwaka uliofuata, kwa homa ya siku sita. Siku ya tano aliniita karibu na kitanda akaniambia, “Usiwatawanye.” Nikamjibu kwamba sitawatawanya. Tulikuwa wanne: mimi, binti wa kwanza, wadogo zangu wawili wa kiume, na wa mwisho, msichana, ambaye siku hizo alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta.

Chumba tulichokaa kilikuwa cha kambi, na chumba cha kambi ni cha mtu anayefanya kazi. Karani alikuja baada ya matanga akasimama mlangoni, akauliza kwa adabu ni nani kati yetu atakayeshika jembe. Nikasema mimi. Wiki ile mwalimu wa shule ya misheni alikuja kunitafuta kwa baiskeli. Alinikuta njiani jembe likiwa begani. Hakuuliza kitu. Aliigeuza baiskeli akaondoka, na mimi nikashukuru kwamba hakuuliza, maana darasa la nne nilikuwa nalipenda.

Nilichukua nafasi ya mama katika gengi la palizi, gengi la wanawake. Kazi yetu ilikuwa kupalilia mkonge mchanga. Alfajiri nyapara alipima kwa ufito wa mwanzi, fito kumi kwa kila mtu katikati ya mistari miwili ya miche, akachomeka kijiti mwisho wake. Hiyo ndiyo ngwe yako. Ukiimaliza, siku yako inaandikwa kwenye kipande, kadi yako ya kazi, na unakwenda zako, hata kama ni asubuhi. Usipoimaliza, siku yako haiandikwi, hata kama umeinama mpaka jua likazama.

Sasa nieleze jambo moja kwa makini, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Wanawake wa gengi letu walikuwa na desturi waliyoiita kupokea. Mtu akimaliza ngwe yake hakwenda nyumbani. Alizunguka mpaka kwenye kijiti cha mwenzake aliyebaki nyuma, akaanza kulima kutoka mwisho kuja kwake. Wa pili akimaliza, naye akatafuta wa kumpokea. Ikawa aliyekuwa wa mwisho kabisa anaona watu watatu wanne wanakuja mbele yake, wanamcheka.

“Wewe, jembe lako limelala na mumeo nini?”

“Mwacheni. Anapalilia jani moja moja, analiuliza jina.”

Basi majembe yanakutana, tunajinyoosha migongo, tunashika njia pamoja. Hakuna aliyetangulia. Ilikuwa aibu kuonekana kambini peke yako huku wenzako wako shambani. Siku zangu za kwanza mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho, kila siku, viganja vimetoka malengelenge, na sikumbuki hata siku moja ambayo nililima ngwe yangu yote peke yangu. Nilipozoea nikawa wa kwanza au wa pili, nikawa napokea wengine.

Aliyepokelewa zaidi alikuwa mwanamke mmoja mwenye mguu mbovu. Alivunjika utotoni na mfupa ukaunga vibaya, hivyo kuinama na kusogea kulimpa taabu. Huyu alikuwa mkaza mwana wa bibi mmoja wa Kibondei aliyekaa nyumba ya mwisho ya kambi, na bibi huyo ndiye aliyekaa na watoto wetu. Kila alfajiri tulipitia kibarazani kwake tukawaacha, sita, saba, wengine bado wamelala. Alitandika jamvi, akawapa uji, akawasimulia uongo mtupu kuhusu ujana wake. Kivuli cha ukuta kikifika kizingitini, yapata saa nne, alilikunja jamvi akaenda kwenye muhogo wake ng'ambo ya reli ya toroli. Saa nne sisi tulikuwa tumerudi.

Hakuna aliyelipwa kwa lolote kati ya hayo, wala hakuna aliyekaa na mwenzake wakapatana. Sisi tulimpokea mkaza mwana wake shambani, yeye akakaa na watoto wetu. Wadogo zangu wa kiume walikwenda shule asubuhi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa kwa bibi mpaka nirudi. Nikirudi nampikia, namwogesha, nafua, jioni nasikiliza wale wawili wakisoma. Hivyo ndivyo nilivyoweza kutowatawanya. Baba alikuwa na dada yake wa ukoo aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga huko Pangani, mjane asiye na mtoto, na alikuwa ameshatuma maneno mara mbili kwamba amtwae yule mdogo amlee. Hakuwa mtu mbaya. Nilimjibu mara zote mbili kwamba tunashukuru, mtoto yuko na ndugu zake.

Mambo yalikuwa hivyo kwa karibu miaka miwili. Kisha meneja mpya akaja.

Mpishi wake, Mdigo aliyependa kusimulia mambo ya nyumba kubwa, alituambia kwamba wakubwa wa mashamba walikuwa wakikutana Raskazone, Tanga mjini, wanakula, wanakaa katika ukumbi unaotazama bahari, na mazungumzo yao siku hizo yalikuwa ni namna gani ya kumfanya mfanyakazi aipende kazi. Mkaza mwana wa bibi alicheka mpaka akashika mguu. Akasema wao waje wapende mkonge kwanza, kisha watufundishe.

Lakini meneja alikuwa na nia ya kweli. Alitembea shambani kwa miguu, kitabu kidogo mkononi. Aliona jambo ambalo aliyemtangulia hakuliona kwa miaka yote aliyokaa pale. Gengi la wanaume waliopalilia upande wa pili lilipimiwa fito zile zile kumi. Walimaliza alasiri, na mizizi ya majani walikuwa wameiacha ardhini. Sisi tulimaliza saa tatu na nusu, na ngwe zetu zilikuwa safi kama uwanja uliofagiliwa. Alimwuliza nyapara sababu. Nyapara akamjibu kwamba wanawake wanamwogopa yeye. Meneja hakuridhika. Aliwauliza wanawake wenyewe. Wale wakubwa walimwambia, “Tunafurahi, bwana,” wakaendelea kulima. Waliishi na wazungu muda mrefu kuliko mimi.

Akaja kwangu. Nadhani aliambiwa kwamba nilisoma. Kiswahili chake alijifunza kitabuni, kilikuwa kimenyooka kuliko chetu, ila hakikuwa na mzaha ndani yake. Alikaa juu ya kreti ya miche, mimi nikasimama na jembe langu.

“Kitu gani kinakufanya uikimbilie kazi namna hii?” aliniuliza.

“Kwenda nyumbani, bwana.”

Alitabasamu, lakini si kwa kunidharau. Akasema nimweleze. Nami nikamweleza.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimweleza. Sikuwa mjinga na sikuwa natafuta cheo. Nadhani ni kwa sababu tangu mama afe hakuna mtu aliyeniuliza ninafikiri nini. Niliulizwa tutakula nini, nani atachota maji, sare ya shule iko wapi. Na huyu hapa mtu mzima, mkubwa wa shamba zima, kavua kofia, ananisubiri nitafute maneno. Nilimweleza kupokea. Nilimweleza habari za bibi na jamvi na kivuli cha ukuta. Nikamwambia kwamba mtu akijua atarudi kwa mtoto wake saa nne, huna haja ya kumsimamia. Nikamwambia pia, na hili nalijutia kuliko yote, kwamba wanaume wale hawana wa kuwapokea, kila mtu na lake, ndiyo maana wanajivuta. Alikuwa akiandika. Mwisho akanishukuru, akasema nimemfundisha jambo ambalo hakulisikia Raskazone.

Nilikwenda nyumbani siku ile nina furaha. Nilimnunulia mdogo wangu kipande cha kashata.

Baada ya majuma mawili tuliitwa mbele ya ofisi alfajiri. Meneja alisimama ngazini na kofia mkononi akatusifu. Alisema sisi ni gengi bora la shamba lote. Alisema ameona kwamba tuna nguvu inayobaki, na nguvu inayobaki si vizuri ipotee. Kuanzia siku hiyo ngwe itakuwa fito kumi na nne. Na ili bidii ya kila mtu ionekane, kila mwezi atakayemaliza wa kwanza mara nyingi kuliko wenzake atapewa doti ya kanga. Kwa hiyo kila mtu alime ngwe yake mwenyewe. Kupokea hakutakuwapo tena, maana kutachanganya, haitajulikana ni nani mwenye bidii na ni nani anayebebwa.

Mwanamke aliyekuwa karibu yangu aliuliza kwa sauti ndogo, bila kumtazama mtu, “Nani kamwambia kupokea?”

Nilidhani nitamwambia baadaye, tukiwa njiani. Lakini meneja aliniita ofisini wengine walipokuwa wanaondoka.

Juu ya meza yake ulikuwepo ufito mpya, umekwanguliwa vizuri, ncha zote mbili zimefungwa bati. Alisema nyapara ana magengi mengi, na gengi letu linahitaji mtu wake wa kupima, anayejua kusoma na kuandika, anayeheshimiwa. Nitapima alfajiri, nitaangalia ni nani anatangulia, nitaandika. Kisha saa nne karani atachukua karatasi, aandike wanaomaliza, na mimi nitakuwa huru.

“Nilikusikiliza,” alisema. “Uliniambia unataka kwenda nyumbani mapema. Hicho ndicho ninachokupa.”

Nikamwuliza, “Na wengine, bwana?”

“Wengine wana kanga.”

Alilisema hilo kwa moyo mweupe kabisa. Ndipo nilipoona kwamba amenielewa. Watu hupenda kusema wakubwa hawawaelewi wafanyakazi wao, na huenda wengi hawaelewi. Huyu alielewa. Alijua kila mmoja wetu anataka nini na akajitahidi kumpa, mmoja mmoja, kama mtu anayegawa dawa mlangoni mwa hospitali. Kile kilichokuwa kinatufanya tulime hakikuwa mfukoni mwa mtu mmoja mmoja. Kilikuwa katikati yetu, na yeye alipokiona aliona kitu kinachochanganya hesabu ya bidii, akakiondoa.

Niliomba siku moja ya kufikiri. Sikuhitaji siku. Fito kumi na nne bila kupokelewa zingenitoa shambani saa saba au saa nane. Bibi alikuwa analikunja jamvi saa nne. Mdogo wangu wa kwanza wa kiume alikuwa anakaribia mtihani wa kuendelea na masomo, na alishaniambia, kwa sauti ya mtu mzima iliyonichoma, kwamba yuko tayari kuacha shule akae na mtoto. Niliona baiskeli ya mwalimu ikigeuka kwa mara ya pili. Na kule Pangani alikuwepo shangazi, anasubiri tu nishindwe. Asubuhi yake nilikwenda ofisini nikauchukua ufito.

Nilijiambia kwamba kama si mimi atakuwa mwingine, na mwingine atapima kwa ukatili. Nilijiambia kwamba ufito ukiwa mkononi mwangu naweza kuulegeza. Siku ya kwanza niliulegeza kweli, nikapunguza kwa hatua moja kwenye kila ngwe. Nyapara alikuja nyuma yangu na ufito wake wa zamani akapima upya mbele ya wanawake wote, akasogeza vijiti kimoja kimoja.

Wanawake walinitazama. Mkaza mwana wa bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kunisemesha.

“Pima, dada. Pima vizuri usije ukatuibia mkonge wetu.”

Wengine walicheka. Ulikuwa utani, na utani tuliuzoea, lakini zamani tulitaniana tukiwa tumeinama wote. Sasa mimi nilikuwa nimesimama.

Mwezi wa kwanza kanga zilichukuliwa na mwanamke mmoja mwenye nguvu, mama wa watoto wanne. Zamani ndiye aliyekuwa akipokea watu wawili watatu kwa siku moja. Alizivaa siku ya Jumapili, na hakuna aliyemwambia zimempendeza. Mwezi wa pili aliacha kukimbia. Wale wa katikati, walipoona kanga hawataipata na nyumbani mapema hawatafika, wakaanza kulima kama wanaume wa upande wa pili, juu juu, majani yanakatwa shingo na mizizi inabaki. Njiani hawakurudi pamoja. Kila mtu alirudi kwa wakati wake. Iliacha kuwa aibu.

Niliwaambia ukweli jioni moja kisimani, kwamba mimi ndiye niliyemweleza meneja. Nilitaka wanitukane. Mmoja alisema, “Tulijua.” Akajitwika ndoo yake akaenda.

Mkaza mwana wa bibi hakumaliza ngwe yake hata siku moja katika siku tisa za kwanza. Kwa siku tisa aliinama kwenye jua na siku zake hazikuandikwa. Siku ya kumi nilivumilia mpaka karani akachukua karatasi yake, kisha badala ya kwenda nyumbani nikachukua jembe la akiba kwenye banda la zana, nikazunguka mpaka kwenye kijiti chake, nikaanza kulima kuja kwake. Nilikuwa nimelima hatua kumi hivi aliponiona. Aliacha kazi. Alikuja mpaka nilipo, anachechemea juu ya matuta, akasimama mbele ya jembe langu.

“Acha.”

“Hakuna anayeona,” nilimwambia. “Nyapara yuko korona, kwenye mashine za mkonge.”

“Mimi naona. Asubuhi unipimie, mchana unipokee? Chagua moja, mwanakwetu. Mimi sitaki sadaka ya mtu mwenye ufito.”

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Nilirudisha jembe bandani.

Juma lililofuata nilipomfikisha mdogo wangu kwa bibi alfajiri, jamvi lilikuwa halijatandikwa. Bibi alikuwa ameketi kizingitini na jembe lake kuukuu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama siku zote, akamshika mtoto kichwani.

“Mwanangu,” alisema, “mkaza mwana wangu anatoka shambani saa tisa, tena mara nyingi bure. Nyumba hii itakula nini? Nakwenda kuupalilia muhogo mapema, kisha nikampelekee maji. Watoto siwawezi tena.”

Nikamwambia naelewa, bibi.

“Najua unaelewa,” akasema. “Wewe unaelewa sana.”

Nilimfunga mdogo wangu mgongoni kwa kanga, nikaenda naye shambani. Alikuwa na miaka mitatu na kitu wakati ule, mzito, miguu inaning'inia. Nilipima naye mgongoni siku tatu. Siku ya pili mwiba wa mkonge ulimchoma shavuni karibu na jicho nilipoinama kuchomeka kijiti. Siku ya tatu nyapara alisema shamba si mahali pa kuleta watoto, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nilikwenda kwa wanawake waliokuwa na wasichana wakubwa nyumbani. Mmoja alikuwa na mgonjwa, mwingine alikuwa na safari, wa tatu aliniambia tu kwamba haiwezekani. Hakuna aliyenifungia mlango. Wote walinikaribisha kiti.

Mdogo wangu wa kiume aliniambia tena kwamba ataacha shule. Nilimpiga kofi, mara ya kwanza na ya mwisho. Kisha nikamtuma kwa mwenye lori la samaki apeleke salamu kwa shangazi.

Mdogo wetu wa mwisho nilimpeleka mwenyewe Jumapili. Shangazi alikaa ng'ambo ya mto, Bweni, hivyo tulivuka na kivuko, na mtoto alifurahi, alikuwa hajawahi kuona maji mengi kiasi kile yakikimbia. Nilimwambia tunakwenda kutembea. Shangazi alitupikia wali wa nazi na samaki. Alikuwa ameshona gauni jipya, la kipimo cha kukisia, likawa kubwa kidogo, akasema atakua nalo. Mchana mtoto alilala. Nilitoka akiwa amelala, kwa sababu shangazi alisema ndivyo bora, na kwa sababu niliona ndiyo njia rahisi kwangu. Nilikuwa nimeshapanda kivukoni nilipomsikia. Alikuwa amesimama ukingoni na lile gauni kubwa, shangazi kamshika mkono.

“Dada, umenisahau!”

Hakuwa analia. Alidhani nimekosea. Alikuwa ananikumbusha.

Zilipita kama miezi mitano hivi. Siku moja meneja akaja shambani akaketi juu ya kreti ile ile. Alikuwa amekonda kidogo usoni. Alifungua kitabu chake. Alisema gengi letu limekuwa kama gengi la wanaume, au baya zaidi, na hana uhakika kosa liko wapi. Ameongeza zawadi, sasa ni kanga na sukari. Ameweka mtu wao wenyewe wa kupima. Amewasikiliza. Alikuwa anahuzunika kwa dhati, nadhani alihuzunika kuliko wakubwa wote niliowaona baadaye, ambao hawakujali kama tunalima au tunakufa.

“Wewe ulinieleza vizuri mara ya kwanza,” alisema. “Nieleze na sasa. Kitu gani kimewaondokea?”

Alivua kofia, akanyamaza, akasubiri.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, hata mtoto angeweza kulisema: rudisha fito kumi, utuache tupokeane. Nadhani angelisikia. Labda angelifanya. Nimelala na wazo hilo miaka mingi, kwamba labda angelifanya. Lakini mara ya kwanza nilimpa kila kitu nilichokijua, na niliona alivyokitumia. Nilimtazama mkononi, ile kalamu imeshashikwa tayari.

“Sijui, bwana,” nilimwambia.

Akasubiri kidogo zaidi. Kisha akaandika. Sijui aliandika nini.

Mwaka uliofuata alihamishiwa shamba jingine, na fito zikabaki kumi na nne. Anayekuja baada ya mtu hukuta ngwe ilivyo akadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Mimi niliendelea kupima mpaka wadogo zangu wote wawili walipomaliza shule, kwa kuwa chumba kilikuwa cha kazi na kazi yangu ilikuwa hiyo. Walimaliza vizuri. Mmoja akawa karani wa bandari Tanga, na mara kwa mara huniambia kwamba mimi ndiye niliyeishikilia nyumba ile isianguke. Mimi huwa nageuza mazungumzo.

Pangani nilikwenda kila Jumapili nilipopata lori. Mara za kwanza mdogo wetu alinishika nguo tangu nilipofika mpaka nilipoondoka. Baadaye akawa anacheza na watoto wa jirani, anakuja kunitazama, anarudi mchezoni. Kabla mwaka haujaisha nilifika siku moja akatoka ndani, amesukwa nywele, amenyooka. Alikuwa amefundishwa adabu nzuri. Alinipa shikamoo akiwa amepiga goti kidogo, akaniletea maji kwenye ile glasi yenye maua ambayo shangazi aliiweka kwa ajili ya wageni.

Na siku za kazi nilikuwa huru kama nilivyoahidiwa. Karani alichukua karatasi, nikashika njia peke yangu, nikafika kambini kivuli kikiwa ndiyo kwanza kinafika kizingitini. Nilifungua mlango. Chungu kilikuwa safi tangu jana. Nilikaa kitandani nikawasubiri wale wawili watoke shule, saa nne, saa tano, saa sita.